Mtu Asiyejua Kuigiza

Wangila alikuwa amekufa mara elfu mbili na ushee, na mara zote alikufa vizuri. Alikufa kwa sumu katika bwalo la shule moja ya Kiminini, akafa kwa mkuki kule Webuye, na siku moja Kimilili alikufa kwa huzuni huku wapishi wakipitisha sufuria la githeri juu ya maiti yake. Kwa miaka thalathini na mmoja alizunguka na kikundi cha kuigiza vitabu teule vya shule za sekondari. Wanafunzi waliozoea kusinzia darasani, kwake walikuwa macho, maana sauti yake ilitoka jukwaani ikafika jikoni, ikatoka jikoni ikafika kwa majirani.

Mtu mmoja hakuwa amewahi kumwona akifa, naye ni Nakhungu, mke wake. Nakhungu alikuwa karani wa serikali mjini Bungoma, mwanamke wa mihuri na mafaili, na michezo ile ilichezwa saa za kazi. "Kazi gani hiyo," alizoea kusema, "mtu anakufa saa nne asubuhi, jioni yuko mlangoni anauliza chai iko wapi?" Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno hayo yalimwingia Wangila yakakaa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti yameanza kukataa kuanguka kwa ghafla, na alitaka jambo moja tu kabla hajastaafu: Nakhungu amwone. Akae kwenye kiti, amtazame mumewe akifanya kazi yake, hata mara moja tu. Halafu aseme atakalo.

Ndipo Mjerumani akaja Kitale.

Jina lake lilikuwa Ottokar Finkbein, ila wenye maduka waliliona jina hilo refu kwa siku za wiki, wakamwita Mzee Oto. Alikuwa na miaka sabini na moja, alivaa gambuti, yale mabuti ya mpira ya mvua, juani, na alitembea na mwavuli mweusi ambao hakuufungua hata mvua iliponyesha. Alikuwa mtengenezaji filamu. Historia yake ilisimuliwa na Mukami, msichana wa hapo hapo Kitale aliyesomea Kijerumani akawa mkalimani wake, na aliisimulia kwa uso wa mtu anayesoma kesi ya jirani.

Filamu ya kwanza, Mzee Oto alimfunga ng'ombe kamera shingoni, akaenda zake kunywa kahawa. Ikatoka dakika tisini za nyasi, akapewa tuzo. Ya pili, aliwaweka watu kumi na wanne kituoni wangoje basi ambalo halikuwa limeagizwa. Walingoja siku tatu. Walipogundua, walimtukana yeye, mama yake na mji aliozaliwa, na matusi yale ndiyo yakawa mwisho wa filamu. Tuzo tena. Ya tano, alitupa hadithi yote mtoni siku ya kwanza ya kazi, akawaambia waigizaji waifuate. Kisha mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa akalia machozi ya kweli mbele ya kamera, na Mzee Oto akamfukuza papo hapo, akisema machozi ni ya nyumbani. Tangu siku hiyo hakumchukua mwigizaji tena. Alichukua wauza nyama, maafisa wa kodi, na mara moja jaji mstaafu ambaye hadi leo anaamini alikuwa anahojiwa na redio.

"Na sasa anatafuta nini hapa?" Wangila aliuliza.

"Mume na mke," Mukami alisema. "Wazee wawili hawajaongea miaka ishirini. Lakini hataki waigizaji, mzee. Akisikia umewahi kusimama hata kwa kwaya, umeenda."

Sasa angalia mtihani huo. Mtu amefundishwa ufundi mmoja duniani, na kazi ambayo mkewe angeweza kuitazama hata Jumamosi imekuja mlangoni ikitaka mtu asiye na ufundi huo. Mwingine angenuna akaenda kulala. Wangila alikwenda hotelini alikofikia Mjerumani, akavua kofia, akasema yeye ni fundi wa baiskeli.

"Umewahi kuigiza?" Mukami alimfasiria.

"Kamwe," Wangila alisema, na kwa mazoea ya miaka thalathini na mmoja, neno hilo likafika jikoni. Mpishi alichungulia.

Mzee Oto alimketisha mbele ya ukuta autazame. Dakika arobaini. Usifikiri ni rahisi. Kila Wangila alipoutazama ukuta, mabega yake yalitaka kuutazama kama mfalme aliyepoteza nchi, na mkono wake wa kulia ulitaka kwenda kifuani. Aliukalia mkono. Mwishowe Mjerumani alimzunguka mara mbili, akanong'ona kitu.

"Anasema shingo yako inajua kitu," Mukami alisema. "Lakini anakuchukua. Nenda uifundishe hiyo shingo isahau."

Wote waliochukuliwa waliapishwa wasimwambie mtu. Wangila alimwambia Nakhungu jioni hiyo hiyo, kwani kiapo cha Kijerumani kitafikaje jikoni kwao Kabuchai. Kisha akaanza kazi. Kila alasiri alikwenda nyuma ya nyumba, akaketi kwenye kigogo mbele ya ng'ombe wao, akamtazama.

"Hiyo nayo ni nini?" Nakhungu aliuliza.

"Nafanya mazoezi ya kutofanya kitu."

"Hayo si ulihitimu zamani." Akaanua nguo zake kwenye kamba. "Hata mama anasema kuna mzungu alisimama mbele ya vitunguu vyake hapo soko la Chwele nusu saa nzima. Hanunui, anamtazama tu. Sijui hawa watu wanaumwa na nini."

Wangila hakusikia. Kama angesikia, hadithi hii ingeishia hapa. Alikuwa anamtazama ng'ombe, na shingo ilikuwa imeanza kusahau.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu huyo mama wa vitunguu, bibi Nabwile, mama mkwe wa Wangila. Wageni wa mila hii ya wakwe kukwepana husema ni chuki. Hapana. Ni heshima, tena ile nzito. Kwa Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa, Wangila alimjua mama mkwe kwa leso na kwa mgongo. Alipokuja kumwona bintiye, Wangila alitoka nje kwa dirisha. Palipokuwa na neno la lazima, bibi Nabwile alisimama nje ya ua akamwambia kuku. "Kuku, mwambie huyo mtu asante kwa blanketi." Na Wangila, akiwa ndani, alimwambia kuku kwamba si kitu. Wakapendana hivyo, kwa njia ya kuku, bila hata siku moja ya ugomvi. Ni ndoa ngapi zinaweza kujisifu hivyo?

Siku ya kupiga filamu ilifika. Mzee Oto alikuwa ameazima boma moja Kabuchai, nyumba ya udongo yenye shamba la miwa nyuma yake. Sheria zake zilikuwa tatu. Hakuna mazoezi. Kila tukio linapigwa mara moja tu, likiharibika limeharibika. Na wanaocheza pamoja hawaonani mpaka kamera iwe inafanya kazi. Hakusema "anza" wala "simama". Akiufungua mwavuli, kamera inaanza, akiufunga, imekwisha.

Wangila alifichwa nyuma ya ghala tangu asubuhi, amevalishwa gambuti kubwa kuliko miguu yake. Mukami alimletea maagizo. "Ni rahisi, mzee. Unatoka shambani. Mke wako ameketi kwa kiti cha miguu mitatu mlangoni. Unaketi karibu naye, mnakula viazi sahani moja, halafu unamshika mkono. Hiyo tu."

"Nimshike kwa hisia gani?"

Mukami alimtazama. "Fundi wa baiskeli haulizangi hivyo."

Wangila alijishughulisha na gambuti. Lakini nyuma ya ghala, peke yake, shetani wa kazi alimpanda. Miaka thalathini na mmoja, halafu amshike mke mkono kama mtu anayeshika gurudumu? Aliamua ataiba kidogo. Angeingia na kile kikohozi chake maarufu, kikohozi cha mzee aliyekosea, kilichowahi kumliza mwalimu mkuu mmoja wa kule Sirisia. Nakhungu akikiona kikohozi hicho, maneno ya chai yatakwisha.

Mwavuli ukafunguka.

Wangila alitoka nyuma ya ghala, polepole, mgongo umeinama, kikohozi kiko tayari kooni. Alipita jiko. Alipita ndizi. Akainua macho amtazame mkewe.

Alikuwa bibi Nabwile.

Alikuwa ameketi palepale, na sahani ya viazi mapajani, na leso yake ya kijani, ile ya siku kuu. Naye akainua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane walitazamana uso kwa uso, hatua nne kati yao, mbele ya Wajerumani sita wa kikosi cha filamu. Kikohozi kilimwishia Wangila tumboni. Kile alichokijua kuhusu jukwaa, pumzi, mabega na mikono kilimtoka chote kwa pamoja, akabaki mtu mtupu.

Akakimbia.

Hakukimbia kama mfalme wala kama mzee aliyekosea. Alikimbia kama mkwe. Aliruka rundo la matofali, akapita katikati ya mbuzi wawili waliokuwa hawajaombwa kushiriki, gambuti moja likabaki kwenye tope, kofia ikabaki kwenye ua, naye akazama kwenye miwa kwa kichwa.

Bibi Nabwile naye, miaka sabini na minne, aliinuka aingie ndani akakuta mlango umepigiliwa misumari, kwani nyumba ilikuwa ya kuazima na mwenyewe hakuamini wageni. Basi akachukua ungo, akauweka usoni, akarudi kinyumenyume kwa hatua za heshima hadi kwenye banda la kuku, akaingia, akajifungia. Viazi havikudondoka hata kimoja.

Mwavuli haukufungwa. Mpiga picha alimtazama Mzee Oto, Mzee Oto akaonyesha miwa kwa kidole, mpiga picha akaweka kamera begani akaingia kwenye miwa.

Huko ndani Wangila alikuwa ameketi chini, mguu mmoja pekupeku. Mukami alimfikia akihema, majani ya miwa yamemkata mikono.

"Mzee, rudi bana. Kamera bado inaenda."

"Unajua yule ni nani?"

"Si ni mke wako wa filamu?"

"Ni mama ya mke wangu wa nyumbani."

Mukami akaketi kwenye majani. Alikuwa ameishi na Wabukusu tangu utotoni. Hakuhitaji kufasiriwa.

"Kumshika mkono," Wangila alisema. "Kula naye sahani moja. Ng'ombe wa kusafisha aibu hiyo bado hajazaliwa. Hata wanipe Ujerumani yote." Aliendelea, lakini sasa sauti yake haikufika popote. Ilifika magotini tu. "Mwambie huyo mzee nilimdanganya. Mimi si fundi wa baiskeli. Mimi ni mwigizaji, miaka thalathini na mmoja, na sasa imekwisha, na sikutaka mambo mengi. Nilitaka tu Nakhungu anione. Yule mwanamke hajawahi kuniona." Akafuta uso kwa mkono wenye tope, akauchafua zaidi. Mpiga picha aliyekuwa nyuma ya miwa, Wangila hakumwona kabisa.

Waliporudi bomani, mwavuli ulikuwa umefungwa, na bibi Nabwile alikuwa amekwisha kupanda bodaboda kurudi Chwele, ungo ukiwa bado usoni. Mukami alimfasiria Mjerumani kila kitu, uongo wa baiskeli na yote. Mzee Oto alisikiliza. Alivua gambuti yake, akamwaga mchanga, akayavaa tena, akaingia garini. Baada ya wiki moja alikuwa amerudi kwao.

Wangila alifika nyumbani akamweleza Nakhungu kwamba filamu imeharibika. Hakueleza kwa nini, na Nakhungu, ambaye mama yake naye alikuwa hajasema kitu, hakuuliza. Alimpimia chai. Jumatatu Wangila alirudi kufa kwenye mabwalo, lakini sasa alikufa vibaya, kama mtu mwenye haraka.

Miezi minane ikapita. Kisha Mukami akapiga simu. Filamu ya Mzee Oto imekamilika, jina lake *Mume Anarudi*, na mzee amesema haitaonyeshwa kwao kabla haijaonyeshwa Bungoma. Jumamosi alasiri, ukumbi wa Bashir karibu na msikiti. Wote walioshiriki waje na jamaa zao.

"Kwani nimo?" Wangila aliuliza.

"Mzee," Mukami alisema, "si uje tu."

Alivaa koti. Nakhungu alitangulia na watu wa ofisini. Lakini alipofika mlangoni pa ukumbi, Wangila alichungulia akaona kiti cha mbele kabisa, kiti cha mgeni wa heshima, na juu yake leso ya kijani. Ukumbi ulikuwa na mlango mmoja wa watazamaji. Watu walimpita wakiingia. Akageuka aende zake, maana kama ni hivyo basi ni hivyo, mtu haingii chumba kimoja na mama mkwe ati kwa sababu ya sinema.

Bashir, mwenye ukumbi, alimwona. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye amekodisha ukumbi kwa harusi za kila kabila na mila zote anazijua.

"Ni mkwe?" aliuliza.

"Ni mkwe."

"Sasa si ukae nyuma ya shuka." Maana skrini yenyewe ilikuwa shuka jeupe lililotundikwa kwenye kamba, na nyuma yake kulikuwa na mlango mdogo wa kuingizia masufuria. "Yeye upande ule, wewe upande huu. Shuka katikati. Hapo nani atasema mmeonana?"

Hivyo ndivyo Wangila alivyoiona filamu yake ya kwanza, ameketi juu ya kreti ya soda kati ya masufuria ya pilau, kila kitu kikiwa kinyume. Alijiona anatoka nyuma ya ghala mkono wa kushoto badala ya kulia. Alijiona anainua macho. Alijiona anakimbia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko hadi shuka likatikisika. Walicheka mbuzi, wakacheka gambuti, na ungo ulipoanza kurudi kinyumenyume kuelekea banda la kuku akasikia watu wakigonga viti. Wangila aliinamisha kichwa. Haya, alijiambia. Nakhungu ameniona, nami ni kichekesho.

Kisha kicheko kikaanza kupungua, kikaisha. Aliinua kichwa. Kwenye shuka kulikuwa na miwa, na kati ya miwa kulikuwa na mzee mwenye mguu mmoja pekupeku, uso una tope, na sauti ndogo isiyofika jikoni. *Nilitaka tu Nakhungu anione. Yule mwanamke hajawahi kuniona.* Mzee Oto hakuongeza muziki. Aliacha miwa ivume muda mrefu, mzee akiwa amekaa tu hapo, shingo yake haijui chochote.

Kiti kimoja kilisogezwa. Wangila akasikia viatu vya ofisini vikija, vikazunguka, vikapita mlango wa masufuria. Nakhungu alisimama mbele yake, mkoba mkononi. Alitazama kreti, akaitazama nafasi iliyobaki, akamsukuma kidogo kwa nyonga, akaketi.

"Nimekuona," alisema.

Wakakaa wakiitazama miwa ikivuma kinyume.

Upande wa pili wa shuka, bibi Nabwile alisafisha koo. Hapakuwa na kuku karibu, kwa hiyo alizungumza na shuka lenyewe.

"Shuka," alisema, "mwambie huyo mtu amekimbia vizuri. Na umwambie gambuti lake liko kwangu, nililiokota topeni nikaliosha. Aje alichukue siku ya soko, mimi nikiwa sipo."

Wangila aliliambia shuka kwamba amesikia.